Kanisa Lililoelekea Kibla

Jamani, iko aibu ya kuteleza sokoni, ukaanguka na kikapu chako, watu wakacheka, ukajipangusa mchanga na yakaisha. Na iko aibu ya mwashi. Aibu ya mwashi haipanguswi, maana imejengwa kwa mawe na chokaa, ina milango na madirisha, na kila apitaye huuliza, hii nani aliyeijenga? Yangu mimi iko nje ya mji wa Lamu, upande wa kusini, kando ya njia ya kwendea Shela, na kwa miaka mingi nimekuwa nikizungukia nyuma ya mashamba ya minazi nisipite mbele yake, hata jua likiwa la utosi. Leo nitawasimulia kwa kinywa changu, kwa sababu mkiipata kwa watu wa barazani mtaipata imeota pembe na mkia.

Siku hizo nilikuwa kijana wa mtaa wa Mkomani, Lali wa Bakari, mwashi mtoto wa mwashi, na niseme ukweli, mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko mwiko wangu. Wazungu Lamu walikuwa wachache, yupo Bwana Mkubwa wa boma na mkewe, wapo wawili watatu wa forodha na mashamba, na yupo padri mmoja wa Kiingereza, Padri Tomasi, mzee mwembamba mwenye kikohozi, aliyepanga ghorofa ya juu kwenye nyumba moja ya pwani na kusalishia watu wake sebuleni. Alipopata kiwanja akaja barazani kwetu baada ya alasiri kutafuta fundi, na kabla hajamaliza salamu zake (alikuwa akisalimu kwa kirefu kuliko sisi wenyewe) mimi nimeshasimama.

"Fundi Lali, umewahi kujenga kanisa?" akaniuliza.

"Bwana Padri, nimejenga misikiti, nimejenga majumba, nimejenga hata makaburi ya watu wakubwa. Kanisa ni kitu gani kwangu?"

Baraza zima likacheka, nami nikaketi nimejaa upepo. Kumbukeni neno hilo, maana mtu akishasema vile mbele ya watu, hawezi tena kuuliza swali.

Basi nikawa napanda kwake jioni kuangalia picha. Alikuwa na picha moja ya kanisa la kijijini kwao Uingereza, akaiweka mezani kwa mikono miwili, na masimulizi yake hayakuwa na mwisho. Akaniambia kwamba kanisa lile halina mjenzi mmoja. Hapo mwanzo kilikuwa chumba tu cha mawe, kidogo, cha giza. Wakaja wajukuu wakaongeza ubavu huu, wakaja vitukuu wakaongeza ule. Wafanyabiashara wa sufu wakatajirika wakaanza mnara wa pembe nne, ukaja ugonjwa ukawafagia mafundi mnara ukiwa nusu, ukakaa hivyo mpaka watu wengine kabisa wakaja kuumaliza kwa mawe ya rangi nyingine, na mpaka leo mtu akisimama chini anaona pale ugonjwa ulipopita. Paa lake la mbao, kwa ndani, ni kama jahazi lililopinduliwa. Mlangoni pana jiwe kubwa lililochimbwa kama bakuli, la maji. Sakafuni wamelala wazee wao, unakanyaga majina yao ukienda kusali. Na ukuta wa mwisho kabisa, nyuma ya madhabahu, una dirisha kubwa la vioo vya rangi.

Nami kila neno, "Naam, Padri. Naam." Nikiitazama ile picha nahesabu mawe ya mnara, masikio yamo nusu.

Jioni moja akafungua kitambaa akatoa kipande cha kioo chekundu, kikubwa kama kiganja. Kilitoka kwenye dirisha lile, lilipovunjwa na mvua ya mawe yeye akiwa mdogo, na mama yake akakiokota. Akasema siku ya sikukuu yao ya Ufufuko, alfajiri, walikuwa wakizima mishumaa yote na kusimama gizani, na jua linapochomoza huingia kwa dirisha lile, na wekundu ule ukaja taratibu mpaka miguuni pa watu. "Tangu nije huku sijauona," akasema. "Kifua changu hiki hakitanipa miaka mingi. Kiweke juu ya madhabahu, fundi. Nataka niuone mara moja tu."

"Naam, Padri," nikasema. Nikakitia kioo mfukoni.

Kesho yake tukaenda kiwanjani. Akasimama katikati, akanyosha mkono kuelekea baharini, upande wa Manda, kule linakotoka jua, akasema, "Madhabahu yawe huku." Akakohoa, akaniwekea picha mkononi, na wiki ile ile akapanda meli kwenda Mombasa kwa daktari, akaniachia kazi yote.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Marehemu baba yangu hakunifunza mambo mengi kwa maneno, mengi alinifunza kwa kofi, lakini moja alilisema kila tulipopiga kamba za msingi wa msikiti. Mwashi anaweza kusamehewa ukuta uliopinda, anaweza kusamehewa paa linalovuja, lakini akiikosea kibla, kila sala itakayosaliwa mle ataulizwa yeye. Nimekua na neno hilo. Na sisi kwetu Lamu kibla ni kaskazini, mtoto mdogo anajua. Sasa nimesimama na kamba zangu pale nitakapochimba msingi, nauona bado mkono wa Padri umeelekea jua, nikasema moyoni, huyu mzee ni mgonjwa na ni mgeni, amepotewa na pande. Nani anayemsujudia Mungu kwa kulielekea jua? Wakija Wazungu wenzake wakaona, watamcheka. Nikaona bora nimsitiri.

Nikazigeuza kamba. Kazi ya muda wa kutafuna tambuu, nikang'oa vigingi nikavipiga upya, ukuta wa madhabahu ukaangalia kaskazini sawasawa, na nikajisikia mtu mwema kupita kiasi.

(Nilisema namsitiri yeye. Kweli yenyewe, wenzangu, nilikuwa najisitiri mimi, kwa sababu wako watu mjini walioninunia kwa kazi ile, na mkwe wangu Mwalimu Famau, aliyenisomesha na kisha akaniozesha binti yake Mwana Esha, alikuwa kijijini Kipungani kwa binti yake mwingine tangu kabla sijaipata, na habari sikumpelekea. Nikajiambia, akijua, nitamwambia walau nimelielekeza kibla.)

Basi ukishapotoa kamba, kila kinachofuata kinapotoka kwa heshima na utaratibu. Picha ilionyesha kichumba cha duara nyuma ya madhabahu. Mimi mkono wangu ukishika duara kwenye ukuta wa kibla unajua kitu kimoja tu, nikatengeneza mihirabu safi ya msikiti, na tao lake, na nakshi za chokaa pembeni mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuitazama. Boriti zetu mnazijua urefu wake, hazivuki chumba kipana, nikafanya kama tufanyavyo siku zote, nikasimamisha safu ya nguzo katikati kutoka mwisho huu mpaka huu. Milango nikaitoa ubavuni, mmoja wa upande wa mashamba na mmoja wa upande wa bahari. Na lile jiwe la bakuli la mlangoni? Nikacheka peke yangu, kumbe nao wanatawadha! Nikajenga birika zuri la maji ya kutawadhia nje ya mlango wa baharini, nikapachika sahani ya kaure chini yake, nikaweka kata ya kifuu na mawe ya kusugulia miguu. Kioo chekundu nikakiweka juu ya mihirabu, kama nilivyoambiwa.

Padri akarudi jioni ya kuamkia sikukuu yenyewe, meli ilichelewa, akashushwa gatini kwa kiti, amekonda nusu ya alivyoondoka. Nikamfuata mpaka mlangoni kwake.

"Limekwisha, fundi?"

"Limekwisha, Padri, na limekuwa zuri."

"Na kioo?"

"Juu ya madhabahu."

Akanishika mkono akaukamata kwa muda. Nikaenda zangu kulala nimefurahi.

Alfajiri tulisali msikitini, kisha nikavaa kanzu mpya nikaenda kusimama ndani ya kanisa, karibu na mlango wa upande wa mashamba, kama afanyavyo fundi siku ya kufungua nyumba. Watu wa mjini walinifuata kuja kutazama, wakajaa nje ya mlango ule ule. Wazungu walikuwa wameshafika na taa zao, na mambo yakaanza vibaya hapo hapo, kwa sababu Padri alitaka kwenda mbele moja kwa moja kwa katikati, na katikati zimo nguzo, ikabidi aende akipinda kama mtu anayepita kwenye mikoko. Bwana Mkubwa wa boma na mkewe walisimama pamoja, ikatokea kila mmoja yuko upande wake wa nguzo, bibi akawa anachungulia. Nikajikaza nisicheke. Kisha Padri akafika mbele, akawapa watu mgongo, akasema kitu kwa lugha yao, na taa zote zikazimwa.

Watu wamesimama safu kwa safu gizani, hakuna anayekohoa ila Padri mwenyewe. Ameinua uso wake kwenye kile kioo, anangoja.

Ndipo nikakumbuka. Yote yakanirudia kwa mkupuo, mishumaa iliyozimwa, jua linalochomoza, wekundu unaokuja mpaka miguuni pa watu, na ule mkono ulionyoshwa kuelekea Manda. Yule mzee hakuwa amepotewa na pande. Alikuwa anajua hasa anachokitaka, na kaskazini jua halichomozi, hata ungengoja mpaka kiama. Nilitamani ardhi ipasuke na mimi niingie na mwiko wangu.

Na wakati huo huo, kwa upande wa bahari, nikasikia punda.

Punda yule nilimjua kwa mwendo, alikuwa wa Mwalimu Famau. Mwalimu macho yake yalikuwa yameingia ukungu, karibu haoni, lakini punda aliijua njia ya kutoka Kipungani kuliko binadamu yeyote. Kumbe mzee amesafiri usiku, alfajiri imemkuta njiani, hajasali, na jua li karibu kutoka. Punda akasimama mwenyewe penye harufu ya maji. Nikasikia mkono unapapasa ukingo wa birika, nikasikia kata inagonga kaure, na sauti ya mzee ikisema taratibu, "Alhamdulillahi, mai haya." Akatawadha. Akasugua miguu kwenye mawe yangu. Akapapasa ukuta akaupata mlango ubavuni, pale pale mlango wa msikiti unapokuwa, akaingia, akakuta giza, na watu wamesimama safu, kimya, wameelekea kibla.

Mngekuwa ninyi mngedhani nini?

Akapita kwa adabu mpaka safu ya mbele, akasimama ubavuni pa Bwana Mkubwa, mabega sawa. Mimi niko upande wa pili wa nguzo zangu. Nikimwita, namfedhehesha mbele ya Wazungu. Nisipomwita, yatakayokuja ni makubwa zaidi. Nikafanya lile nililokuwa hodari wa kulifanya, nikanyamaza.

"Allahu Akbar," akasema Mwalimu Famau.

Bwana Mkubwa aliruka kidogo. Mzee akaanza kusoma Fatiha kwa sauti, ile sauti yake iliyotusomesha mji mzima, na mle ndani (nakwambieni, dari langu lilikuwa zuri kwa sauti) ilijaa mpaka kwenye boriti. Mke wa Bwana Mkubwa akageuka. Bwana Mkubwa akanyosha mkono amshike bega. Lakini Padri naye alikuwa amegeuka, akainua kiganja chake juu, hivi, muacheni, na hakuna aliyesogea. Akasimama pale amemtazama mzee anavyorukuu na kusujudu kwenye sakafu yangu mpya, hakumkatiza kwa lolote.

Alipoketi tahiyatu ya mwisho nje kumekucha. Akageuza uso kulia kutoa salamu, na upande wa kulia ndiko uliko mlango wa baharini, na jua likachomoza juu ya Manda wakati huo huo, likaingia mlangoni likampiga shavuni. Ndevu zake zote zikawa dhahabu. Alikuwa amekimbizana nalo usiku kucha na amelishinda kwa salamu moja.

Padri alilitazama lile jua mlangoni. Kisha akainua uso, akatazama kioo chake juu ya mihirabu. Kilikuwa cheusi.

Huko nje watu hawakuweza kujizuia tena. "Mwalimu kaswali kanisani!" mtu mmoja akapaza, na kicheko kikalipuka kama fataki, wengine wakistaghafiru, wengine wameshikilia mbavu. Mwalimu Famau akainua kichwa.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

Nikazunguka nguzo nikaenda kumshika mkono. "Ni mimi Lali, Mwalimu. Ni kanisani."

"Kanisani." Akapapasa sakafu kwa kiganja, chokaa yangu. "Nyumba hini kaijenga nani?"

Watu wote, ndani na nje, wanangoja jibu langu.

"Mimi, Mwalimu."

Akainuka kwa kuniegemea, kisha akauachia mkono wangu, akautafuta mlango kwa fimbo yake mwenyewe. Nilikuwa nataka kumfuata, lakini Padri ameshanijia, anatembea kwa kushika nguzo moja baada ya nyingine, na hapo nilifurahi kwamba zipo.

"Fundi," akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi, "jua limeingia kwa mlango."

"Nilidhani umekosea, Padri. Nilidhani kila nyumba ya Mungu..."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Swali dogo hilo, na jibu langu lilikuwa lile lile la barazani, kanisa ni kitu gani. Akanipiga piga bega, akasema hata lile la kwao lina makosa tele, mafundi walikosea na wajukuu wao wakatia viraka, ndiyo maana linasimama. "Toboa dirisha upande wa jua. Mwakani nitauona." Kisha akakaa chini kwenye ngazi ya madhabahu, na mke wa Bwana Mkubwa akaleta maji, na maji yenyewe yalitoka kwenye birika langu.

Nilimkuta Mwalimu nusu ya njia, punda amemuongoza. Nikashika hatamu, tukaenda mpaka tulipoingia mjini, watu wanatupisha na kuuma midomo. Nikaanza kuomba radhi, nikaeleza yote, kamba, mkono wa Padri, jua na kioo chake, neno la baba yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kibla ilikuwa sawa?" akauliza.

"Sawasawa, Mwalimu. Nakuapia."

"Basi sala yangu mimi haina neno, nami kuchekwa si kufa." Akanigeukia. "Na yule mzungu, alokuwa akilingoja yuwa? Sala yake yeye umemrudishia?"

Mwezi mzima Mwalimu hakukanyaga nyumbani kwetu, na Mwana Esha alikuwa akinipakulia chakula bila kunitazama.

Dirisha nililitoboa. Sikutaka ujira wala msaidizi. Nilikata ukuta wa upande wa bahari jiwe kwa jiwe, nikakitoa kioo juu ya mihirabu nikakipachika huko, nikakilenga na kiti cha Padri kule mbele, karibu na madhabahu. Lakini kazi ya kubomoa ukuta uliojengwa vizuri ni ngumu (nilijenga vizuri, hilo hakuna anayenibishia), na mvua za masika zikaingia, na kabla chokaa haijakauka Padri alizidiwa, wakampakia meli kumrudisha kwao. Nilikwenda gatini. Alikuwa amefunikwa blanketi jua kali, akanitafuta kwa macho akaniambia, "Dirisha, fundi?" Nikasema, "Limekwisha, Padri," na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli. Akatabasamu. Baadaye tulisikia kwa watu wa boma kwamba alifika, na kwamba amezikwa kwao, penye lile kanisa. Nimewauliza mara nyingi kama alikufa kabla ya sikukuu yao au baada yake. Hakuna anayejua.

Watu wa mji walinipa jina, Fundi Kibla, na ninalo mpaka leo. Sasa ukinipa kazi ya hata choo nitakuuliza unataka ukichuchumaa utazame wapi, nitakuuliza leo na kesho nitarudi kukuuliza tena, na vijana wanasema mzee Lali amezeeka vibaya. Na wacheke. Nimeapa sitampigia mtu kamba kwa kumkisia moyo.

Mwaka uliofuata, sikukuu ile ilipofika, sikupita nyuma ya mashamba. Nilikwenda baada ya sala ya alfajiri nikasimama mlangoni peke yangu, kwa kuwa padri mwingine alikuwa bado hajaletwa na nyumba ilikuwa tupu. Jua likachomoza juu ya Manda. Likaingia kwenye kioo, na ule wekundu ukaja taratibu, kama alivyosema, ukashuka ukutani, ukatambaa sakafuni kukielekea kiti chake. Haukufika. Njiani ulikutana na nguzo yangu ya katikati, ukapanda juu yake, ukakaa hapo mpaka jua likapanda na ukafutika.